Boris Godunov katika Sahani: Mwendo, Ufunguo na Sauti

Opera, wasomaji wapendwa, ni mchezo unaoimbwa tangu mwanzo hata mwisho. Kati ya zile za Urusi, hakuna tuipendayo kupita Boris Godunov ya Modest Mussorgsky. Mfalme Boris alitawala tangu 1598 hata 1605. Mchezo wasema alipata kiti kwa kumwua mtoto Dmitri, aliyefia Uglich mwaka 1591. Wenye kuandika historia hawajapatana juu ya hatia yake. Mussorgsky hakungoja wapatane: Boris wake anayo damu mikononi, na muziki wamfuata kama dhamiri.

Sahani tunayotaka kuipima ni ile ya mwaka 1962, iliyofanywa Paris. Mwenye kuongoza ni André Cluytens, mzaliwa wa Antwerp, na kwaya ni ya opera ya Sofia. Mbulgaria Boris Christoff aliimba humo watu watatu peke yake: mfalme, mtawa mzee Pimen, na mtawa mlevi Varlaam. Miaka kumi mbele yake, mwaka 1952, alikuwa amefanya vivyo hivyo chini ya Issay Dobrowen. Basi twaweza kuziweka sahani hizi mbili ubavu kwa ubavu.

Tuanze na kengele za siku ya kutawazwa, kwani hapo mwendo na ufunguo vyashikana. Kengele za Warusi hazibembei kama zetu. Zimefungwa imara, na mpigaji huvuta ulimi wake kwa kamba. Haziimbi wimbo. Huchanganya sauti tu, nzito na nyepesi. Mussorgsky aliliona jambo hilo, akachukua miungano miwili ya sauti: mmoja wasimama juu ya la bemoli, mwingine juu ya re. Funguo zake ni za mbali kabisa, lakini sauti mbili, do na fa diezi, zimo katika yote miwili. Hizo zinabaki mahali pake, nyingine zinasogea. Ndiyo maana sikio lasikia kwamba tumehama na kwamba hatujaondoka. Mwishowe kwaya yaingia katika do kubwa, nyeupe kama jua la saa sita, na watu wanamsifu mfalme wasiyemjua moyo.

Cluytens anazipiga kengele hizi polepole, na amefanya vema. Kila mgongano wapata nafasi ya kufifia kabla ya mwingine. Dobrowen anaharakisha kidogo, na fahari yapungua. Lakini katika chumba cha Pimen mambo yageuka. Pale viola zinazunguka chini kwa chini kama kalamu juu ya karatasi, na mzee anaandika habari za nchi yake. Kalamu ya Dobrowen inaandika kweli. Ya Cluytens yasita, kama mwandishi aliyesinzia. Sisi twadhani utaratibu ni kitu kimoja na uzito ni kitu kingine, na wenye kuongoza wengi wanavichanganya.

Sahani zote mbili zafuata karatasi za Rimsky-Korsakov, si za Mussorgsky mwenyewe. Mussorgsky alimaliza opera yake 1869, ikakataliwa. Akaitengeneza tena 1872, ikachezwa Petersburg 1874. Alipokufa 1881, rafiki yake aliona miungano yake kuwa mibovu, akaisahihisha: alibadili funguo mahali mahali, akapaka orkestra rangi ya dhahabu. Akahamisha pia kufa kwa Boris kukawa mwisho, hali Mussorgsky mwaka 1872 alimaliza kwa mjinga mmoja anayeililia Urusi peke yake. Rafiki huyo aliiokoa kazi isisahauliwe, tusimnyime haki yake. Ila kilichoitwa kosa ndicho kilichokuwa ukweli. Mwaka 1976 Jerzy Semkow aliongoza sahani yenye orkestra ya Mussorgsky mwenyewe: ni kavu, ya kijivu, na watu maskini wa mchezo ule wanasikika maskini.

Na Christoff? Sauti yake ya nne ni nyeusi, na alipokuwa kijana aliimba katika kanisa kuu la Alexander Nevsky la Sofia. Katika sala ya mfalme anayekufa jambo hilo lasikika. Lakini mtu mmoja kuwa watatu si sawa. Pimen ndiye anayemshitaki Boris kwa kalamu yake, na mbele ya mkutano wa wakubwa ndiye anayeleta habari inayomwangusha. Mshitaki na mshitakiwa wakiwa na koo moja, kesi inapotea. Tena mwaka 1962, Boris anapoona mzuka wa mtoto, Christoff anahema na kupiga kelele hata nota zinafichika. Mussorgsky aliandika nota pale. Hofu imo ndani yake tayari. Mwaka 1952 alizifuata kwa uaminifu zaidi, na ngozi yetu ilisisimka zaidi.

Anayetaka kuanza, na achukue chumba cha Pimen chini ya Dobrowen, usiku, watoto wakiisha kulala. Kisha kengele za Cluytens, akiongeza sauti ya mashine kadiri jirani watakavyovumilia. Semkow na amweke wa mwisho, naye amsikilize mjinga yule akilia peke yake.