CV inayovuta jicho: jinsi inavyojengwa

CV inayovuta jicho hujengwa kwa kuipa nguvu sehemu moja ya ukurasa na kuzinyima zilizobaki. Jina linaandikwa kwa herufi kubwa mno, au utepe wa rangi unashuka ubavuni, au kichwa chote kinakaa ndani ya rangi nzito. Kimoja kati ya hivyo kinatosha. Vikikutana vitatu, jicho halijui lianzie wapi, na ofisa ajira mwenye rundo la maombi hana muda wa kulisaidia: kampuni ya Ladders ya Marekani ilipofuatilia macho ya maofisa wa aina hiyo mwaka 2018, ilikuta CV inatazamwa mara ya kwanza kwa wastani wa sekunde 7.4.

Mbinu hizi zina karibu karne moja. Mwaka 1928 msanifu wa maandishi wa Ujerumani, Jan Tschichold, alitoa mjini Berlin kitabu kiitwacho Die neue Typographie. Alipinga desturi ya kupanga kila mstari katikati ya ukurasa; akatetea herufi zisizo na nakshi, mpangilio usiolingana pande mbili na nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi. Violezo vingi vinavyopakuliwa leo kutoka tovuti ya usanifu ya Canva vina asili hiyo. Lakini Tschichold huyohuyo, aliposimamia sura ya vitabu vya Penguin nchini Uingereza kati ya 1947 na 1949, alipanga kurasa tulivu zenye ulinganifu wa zamani, maana kitabu husomwa mstari kwa mstari. CV inabeba kazi zote mbili. Kichwa chake ni bango, historia ya kazi ni kitabu, na CV nyingi za rangi huharibika pale bango linapoteremka hadi kwenye historia ya kazi.

Rangi ndiyo inayokosewa zaidi, ingawa inaweza kupimwa. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, uliotungwa kwa ajili ya kurasa za wavuti, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Nyeusi juu ya nyeupe hutoa 21 kwa 1. Buluu iliyokolea ya sare za mabaharia hutoa takriban 16, nyekundu halisi 4, rangi ya chungwa 2, na njano 1 na ushee tu. Kwa hiyo buluu iliyokolea inaweza kubeba hata maandishi madogo, nyekundu inafaa kwa jina na vichwa vya sehemu, na njano haifai kuandikia kabisa. Nafasi yake ni kuwa mandharinyuma ya herufi nyeusi.

Jina lenye pointi 30 hadi 36 juu ya maandishi ya pointi 10 au 11 huonyesha mara moja kipi ni kikuu. Afrika Mashariki wengi wana majina matatu, na yote matatu kwa ukubwa huo huenda yasitoshe mstari mmoja. Suluhisho zuri ni kukuza moja na kuyaweka mengine chini yake kwa herufi ndogo, bila kuacha hata moja, kwa sababu vyeti hulinganishwa na jina kamili. Utepe wa pembeni nao una gharama. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Utepe wa 65 pamoja na pambizo huacha takriban 115 kwa historia ya kazi, na aliyefanya kazi miaka 15 anaweza kujikuta kwenye ukurasa wa tatu.

Kisha kuna mashine. Programu za kuchuja maombi huchota maandishi na kuacha sura. Baadhi husoma safu mbili kwa kukatisha kutoka safu moja hadi nyingine, mwaka wa kuhitimu ukaangukia katikati ya jina la mwajiri. Maneno yaliyo ndani ya picha hupotea, na vile vipau vya kuonyesha ujuzi kwa asilimia havisomeki; hata kwa binadamu havina maana, kwani hakuna ajuaye asilimia 80 ya Kiingereza ni kiasi gani. Jaribio la kukagua hayo ni rahisi: kunakili maandishi yote ya PDF, kuyabandika kwenye Notepad na kuona kama mpangilio umebaki.

Jaribio la pili ni la steshenari. CV hutumwa kwa WhatsApp, ikachapwa kwa wino mweusi, kisha ikatolewa fotokopi. Nyekundu na kijani hugeuka kijivu kinachofanana, bapa la rangi nzito hutoka na mabaka, na printa nyingi za ofisini huacha ukingo mweupe, hivyo utepe uliokusudiwa kufika mwisho wa karatasi hukatika. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti iliyotumika, mistari yote huhama. PDF iliyobeba fonti zake huepusha hilo.

Sura kali huwafaa wanaoomba kazi za usanifu, matangazo, mitindo na habari, ambako ukurasa wenyewe ni sampuli ya kazi. Benki na ofisi za mawakili hutarajia utulivu. Kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania mwombaji hujaza taarifa zake katika nafasi zilizopangwa, na humo rangi hazina pa kukaa. Ndiyo maana wasanifu makini huandaa nakala mbili, moja ya rangi ya kukabidhi mkononi na nyingine ya safu moja ya kupakia mtandaoni, zenye tarehe na vyeo vilevile neno kwa neno.