Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mhariri Mgeni na Toleo Maalumu la Critical Inquiry la Mwaka 1985

Miongoni mwa kazi za taaluma ambazo hazijapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki ni ile ya mhariri mgeni. Mwandishi wa makala huhakikiwa kwa makala yake, na mwandishi wa kitabu kwa kitabu chake. Lakini mtu anayekabidhiwa toleo zima la jarida lisilo lake, akachagua mada, akaalika wachangiaji, akapanga makala zao na kuziandikia utangulizi, aghalabu hushukuriwa kwa mistari miwili kisha akasahauliwa. Jambo hili lina madhara, kwa maana toleo maalumu huweza kuamua kwa miaka mingi ni maswali gani yataulizwa katika fani fulani, na ni akina nani watakaohesabiwa kuwa na haki ya kuyajibu. Yafaa basi lihakikiwe kama kazi moja iliyo na mtunzi wake.

Mfano ufaao kuchunguzwa ni ule wa jarida la Critical Inquiry, lililoanzishwa mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Mwaka 1985, jarida hilo likiwa chini ya uhariri wa W. J. T. Mitchell, toleo lake moja lilikabidhiwa Henry Louis Gates, Jr., nalo likaitwa "Race," Writing, and Difference. Neno la kwanza la anwani hiyo limewekwa ndani ya alama za kunukuu, na hoja nzima ya mhariri imo katika alama hizo: kwamba kuwagawa wanadamu kwa mbari si jambo la maumbile, bali ni usemi uliozushwa na watu kisha ukavishwa sura ya maumbile. Walioitikia mwaliko ni pamoja na Edward Said, Jacques Derrida, Gayatri Spivak, Homi Bhabha, Anthony Appiah, Abdul JanMohamed, Mary Louise Pratt na Hazel Carby. Kuwakusanya wahakiki hao chini ya swali moja ni kazi ambayo mwenyeji peke yake asingeifanya kwa urahisi. Katika hili, methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone ilithibiti.

Katika utangulizi wake Gates anarejea kisa cha Phillis Wheatley, msichana aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston mwaka 1761. Anaeleza jinsi mwaka 1772 mabwana wakubwa wa mji huo walivyomhoji ili wajue kama mashairi yaliyokuwa na jina lake aliyatunga yeye mwenyewe. Watafiti wa baadaye wametilia shaka kama kikao cha namna hiyo kiliwahi kufanyika. Hata hivyo hati ya uthibitisho yenye majina ya mabwana 18 ipo, nayo ilichapishwa ndani ya kitabu cha mashairi hayo kilichotolewa London mwaka 1773. Gates anakitumia kisa hiki kuonyesha kwamba wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18 waliufanya uandishi kuwa kipimo cha akili, na hivyo Mwafrika akatakiwa aandike ili athibitishe kuwa ni mtu.

Kisa hicho kina maana nyingine ambayo utangulizi hauisemi. Hati ya wale mabwana 18 ilikuwa ni dibaji ya udhamini: iliwekwa mwanzoni mwa kitabu ili msomaji akubali kukifungua. Mhariri mgeni naye ni mdhamini wa aina hiyo. Jina lake ndilo linalomhakikishia msomaji wa jarida kwamba sauti asizozizoea zinastahili kusikilizwa. Na kama ilivyo kwa kila mdhamini, uwezo wa kumwingiza mmoja ni uwezo wa kumwacha mwingine nje. Ndiyo sababu toleo maalumu halipimwi kwa ubora wa makala zake tu. Hupimwa pia kwa namna linavyoupokea upinzani, na kwa yale ambayo mlango wake haukuyapitisha.

Katika kupokea upinzani toleo la Gates lilifanya vyema. Mwaka 1986 jarida lilichapisha majibu makali dhidi yake, na mwaka huo huo toleo lilipotolewa kuwa kitabu, majibu hayo yaliingizwa humo pamoja na makala zilizoshambuliwa. Tzvetan Todorov aliuliza kama maudhui ya wazo yanategemea rangi ya ngozi ya mwenye kuwaza, akikusudia wito wa Gates kwamba wahakiki wa fasihi ya watu weusi watafute nadharia zao katika jadi ya fasihi hiyo. Gates alimjibu humo humo. Msomaji akaachiwa hoja na pingamizi zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu, akate shauri mwenyewe. Ni wahariri wachache wanaokubali kulifungia jamvi lao pamoja na waliolitia ila.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa makala ya Derrida kuhusu Afrika Kusini. Derrida alidai kwamba neno apartheid limebaki bila kutafsiriwa, kana kwamba lugha za dunia zimekataa kulipokea. Anne McClintock na Rob Nixon walimjibu kwamba amelitenga neno na historia yake: watawala wa Afrika Kusini wenyewe walikwisha kuliweka kando na kutumia majina mengine, kama vile maendeleo ya kutengana, ili kuuficha uovu ule ule. Majibizano hayo yalisaidia kuifafanua mada kuliko ambavyo makala moja peke yake ingeweza.

Hata hivyo katika majibizano hayo hakuna aliyelipima dai la Derrida kwa Kiswahili. Lau lingepimwa, lingekutana na pingamizi. Wasemaji wa Kiswahili hawakulikataa jambo hilo wala hawakubaki na neno la kigeni. Walisema ubaguzi wa rangi, na wakasema pia ukaburu, kutokana na jina la Makaburu. Neno hili halitaji sera kwa jina ambalo sera imejipa. Linamtaja mtendaji. Kwa hiyo serikali ya Pretoria iliweza kubadili jina la siasa yake mara nyingi ilivyotaka, na kwa Mswahili ikabaki kuwa ukaburu. Ni kweli kwamba neno lenyewe lina kasoro, kwa kuwa linaelekeza lawama yote kwa watu wa asili moja na kuyasitiri makampuni ya migodi na Wazungu wasio Makaburu walionufaika na mfumo huo. Lakini kasoro hiyo nayo ni hoja ambayo ingeyanufaisha majibizano ya mwaka 1986.

Hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa toleo hili. Linazungumzia Afrika kwa mapana: safari za Wazungu barani, riwaya za kikoloni, siasa za Afrika Kusini. Lakini Afrika hiyo inaonekana kupitia maandishi ya lugha za Ulaya. Hata alama za kunukuu za anwani zingesomeka kwa namna nyingine katika Kiswahili, lugha isiyo na neno moja la kufungiwa ndani ya alama hizo. Ubaguzi hutajwa kwa rangi. Mbari, ambayo wataalamu huitumia kwa maana pana, kwa asili humaanisha ukoo, kama ilivyo katika Kikuyu. Kabila na taifa nayo huchukua sehemu nyingine za maana hiyo. Vilevile hoja ya uandishi kuwa kipimo cha akili ingepata ushahidi mzito katika mwambao wa Afrika Mashariki. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani, una tarehe ya mwaka 1728, yaani miaka 45 kabla ya kitabu cha Wheatley, nao uliandikwa kwa hati za Kiarabu bila kungojea uthibitisho wa mabwana wa Boston.

Upungufu huu hauwezi kuelezwa kwa ugeni wa mhariri katika Afrika. Gates aliwahi kuishi Kilimatinde, Tanzania, kati ya mwaka 1970 na 1971, akifanya kazi katika hospitali ya misheni. Tena kitabu chake cha mwaka 1988, The Signifying Monkey, kinaanzia kwa Esu wa Wayoruba. Tatizo lilikuwa katika mwaliko. Mhariri mgeni huwaalika wale ambao majina yao tayari yana uzito mbele ya wasomaji wa mwenyeji wake, na mwaka 1985 majina ya wahakiki wa fasihi za lugha za Kiafrika hayakuwa na uzito huo huko Chicago.

Majarida ya lugha za Kiafrika yanayowakaribisha wahariri wageni yana mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni la kuigwa: toleo maalumu litengewe mapema nafasi ya majibu, na majibu hayo yahifadhiwe pamoja nalo. La pili ni la kuepukwa. Mhariri anayewaalika wenye majina tu, hata akiwa na utangulizi mzuri namna gani, humletea mwenyeji kile ambacho mwenyeji alikuwa akikijua. Mgeni mpe jembe, husemwa. Na jembe la mhariri mgeni ni orodha yake ya wachangiaji. Humo ndimo mhakiki apaswamo kuanza kumsoma, kabla hajaufikia utangulizi.