Riwaya za Kisayansi na Ndege wa Uani

Katika starehe zote alizojaaliwa mwanadamu, zisizomgharimu mali nyingi wala kumdhuru jirani, mbili huzidi kunoga zikikaa katika nyumba moja: kusoma riwaya za bunilizi ya kisayansi, na kuwatazama ndege wa uani. Wengi huziona kuwa hazina udugu, kwa sababu ya kwanza humchukua msomaji hadi kwenye sayari zisizofikiwa na chombo chochote, ilhali ya pili humweka kitako barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akiukabili mnazi uleule alioukabili jana na juzi. Nia ya insha hii ni kuzipatanisha. Maana zote mbili ni matawi ya ufundi mmoja, ufundi wa kukitazama kitu kwa insafu mpaka kanuni yake ya siri idhihirike, na mwandishi wa riwaya hizo hustahili sifa kwa kadiri alivyouhitimu ufundi huo.

Jules Verne wa Ufaransa aliianzisha safari ya riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1863, katika kisiwa kidogo karibu na Unguja, mahali asipopata kupakanyaga. Wasafiri watatu wanapaa kwa puto, wanalivuka bara zima, na kushukia kwenye mto Senegal. Uongo wa jambo hilo ni dhahiri, lakini tazama jinsi ulivyotiwa hatamu: gesi ya puto hupashwa moto ikavimba na puto likapanda, kisha huachwa ipoe ikasinyaa na puto likashuka, ili nahodha autafute juu au chini upepo unaokwenda aendako yeye, pasipo kuipoteza gesi yake. Msomaji wa pwani, ambaye wazee wake walipanga mwaka na biashara yao kwa kaskazi na kusi, hana haja ya kushawishiwa kuwa safari ni elimu ya pepo. Naye akisharidhika na hilo, huyasadiki na mengine.

H. G. Wells wa Uingereza alikwenda mbali zaidi, na siri yake si ngumu kuijua, kwani alisomea elimu ya viumbe mjini London kwa T. H. Huxley, mwanachuoni aliyetumia ushahidi wa mifupa kutetea rai ya kuwa ndege wana nasaba na dinosaria. Mwaka 1894 Wells aliandika hadithi ya mtu aliyeyafukua mayai ya ndege mkubwa mno katika matope ya Bukini. Yai moja likaanguliwa katika kisiwa kisicho na watu, na kinda akawa sahibu wa yule mpweke mpaka alipokua na kumgeuka. Ndege huyo hakubuniwa. Aliishi kweli Bukini zamani, na yai lake lilichukua lita kadhaa. Huenda waliosikia utotoni habari za Rukh wa Sindibadi wakahisi kuwa wamekutana naye tena. Wells aliongeza jambo moja tu juu ya kweli, kwamba yai lilikuwa bado lina uhai, na mengine yote, njaa, ukuaji na teke la mguu, aliyaacha yafuate tabia ya ndege. Hata viumbe wake wa Mirihi, katika riwaya ya mwaka 1898, hawashindwi kwa mizinga. Huangamizwa na vijidudu ambavyo miili ya viumbe wa dunia ilikwisha kuvizoea kwa vizazi visivyohesabika. Hiyo ni hukumu ya mwanafunzi wa Huxley.

Madrasa kama ile iko wazi uani, wala haitozi ada. Mnana dume, yule wa kichwa cheusi apendaye kujenga karibu na makazi ya watu, huuma ukingo wa ukuti mbichi, akaubana mdomoni, kisha akaruka, na uzito wa mwili wake ukauchana ukuti uzi mrefu. Kwa nyuzi hizo hufuma kwanza pete ya wima, akasimama ndani yake, na tangu hapo hafumi ila mpaka pale mdomo wake unapofika, hata chumba chote kikawa kimepimwa kwa kiwiliwili chake mwenyewe. Kazi ikitimia, huning'inia kichwa chini mlangoni, akapigapiga mbawa na kunadi. Jike huingia akazivutavuta nyuzi kwa ndani, mithili ya mnunuzi ajaribuye mkeka. Asiporidhika huondoka, na nyumba ikikaa hata ikanyauka bila mkazi, dume huivunja na kuanza upya.

Ndani ya kiota hicho mna ajabu nyingine. Kila jike hutaga mayai ya rangi na madoa yake mwenyewe, mbali na ya jirani yake, kwa kuwa yuko ndege wa jamaa ya kekeo, mwenye mgongo wa kijani king'aacho, ambaye huyatia mayai yake katika viota vya wenziwe ili wamlelee. Na mnana aujuaye muhuri wake hulitupa nje lile geni. Na chozi anyonyaye ua la mgomba, ambaye huonekana mweusi, akageuka kidogo akawa kijani cha johari, hakupakwa rangi hiyo: hutokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinazoucheza mwanga. Jicho la ndege huona pia urujuanimno, ambao sisi tumenyimwa, na kwa hiyo vazi analovaa dume kwa ajili ya jike hakuna binadamu aliyepata kuliona lilivyo. Ulimwengu mgeni, ambao mtunzi huutafuta kwenye nyota, umo katika mgomba.

Lugha yetu nayo haikukosa mafundi wa namna hii. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima hewani katika Kusadikika, mwaka 1951, akawatuma wajumbe wake pande zote kutafuta maarifa. Na nchi ile isiyo na ardhi ikasadikika, kwa kuwa wivu wa wakubwa wake na mashaka ya wajumbe wake viliandikwa na mtu aliyewatazama sana wanadamu. Basi kijana atakaye kuandika habari za viumbe wa sayari za mbali na aanze na mnana, aeleze pete, nyuzi, mlango na hukumu ya jike, pasipo kuongeza wala kupunguza. Akishindwa kumsadikisha msomaji juu ya ndege aliye mbele ya macho yake, atamsadikishaje juu ya kiumbe asiyepata kuonwa na mtu?