Flake8: mkaguzi mzuri asiyejua kosa lipi ni zito

Ukiandika Python, huenda Flake8 imeshakukaripia: E501, mstari mrefu mno. Kikomo chake ni herufi 79, kutoka PEP 8, mwongozo wa mtindo wa mwaka 2001. Lakini 79 si msahafu. Mwongozo huohuo unaruhusu timu ikubaliane hadi 99, na Black, programu inayopanga msimbo yenyewe, hutumia 88. Wekeni max-line-length = 88 kwenye faili la mipangilio, kazi iendelee.

Mimi nalalamikia kitu kingine. Flake8 inaunganisha wakaguzi tofauti: pycodestyle anaangalia mtindo, Pyflakes anatafuta makosa. F821, kwa mfano, maana yake umetumia jina ambalo halipo. Hilo ni kosa kabisa, ila linatolewa kwa sauti ileile ya E501. Mtu akichoshwa na kelele anabandika # noqa mwishoni mwa mstari, na hapo amezima zote mbili. Mfano mfupi:

wastani = jumla / idadii  # noqa

Ile "i" ya ziada haitatajwa. Python yenyewe itaigundua ikifika hapo, pengine baada ya saa sita za hesabu. Ungeandika # noqa: E501, urefu ungesamehewa na F821 ingebaki macho.

Kwa hiyo legezeni kanuni mnavyotaka, lakini kila mnayoizima itajeni kwa namba yake. Halafu tafuteni noqa tupu kwenye mradi wenu. Kila moja ni mstari ambao Flake8 imeambiwa isiuseme.