Usizibe Tundu la Msumari

"Mbao iliyookolewa." Hayo ndiyo maneno unayoyakuta siku hizi kwenye kikaratasi kinachoning'inia kwenye gari la mbao la kuchezea, hasa ukilikuta kwenye duka lenye kiyoyozi. Ni maneno matamu, karibu ya kanisani. Lakini kila nikiyasoma najipata nauliza swali la kimtaa: imeokolewa kutoka kwa nani?

Nairobi hakuna mbao isiyo na mwenyewe. Paleti ikiwekwa nje ya godauni kule Industrial Area, haimalizi siku. Mama wa chapati anaitaka iwe kuni. Fundi wa vitanda anaitaka. Mtu anayeongeza chumba nyuma ya keja yake anaitaka pia. Tangu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, hadi Rais Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, mbao mpya ilikuwa shida, na ile kuukuu ikapata heshima ambayo haikuwa nayo. Kwa hivyo gari la kuchezea lililotoka kwenye paleti limeshinda mashindano. Limekataa kuwa kuni. Hiyo inatosha tulichukulie kwa uzito, tulisome kama tunavyosoma hadithi fupi au tunavyosikiliza ngoma mpya.

Tuanze chini. Paleti za kuvuka mipaka hupigwa muhuri: mchoro wa suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya aliyeitengeneza, kisha herufi za namna ilivyotibiwa dhidi ya wadudu. HT maana yake mbao ilipashwa moto hadi ndani kabisa ikafika nyuzi 56, kwa dakika 30 angalau. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu, methili bromaidi. Fundi anayejua mtoto ataweka gari mdomoni hutafuta HT na kuiacha MB palepale alipoikuta. Vilevile hukaa mbali na mbao yenye rangi ya zamani, maana rangi hizo huenda zina risasi.

Sasa, wengi hupiga msasa mpaka muhuri upotee. Wanaonifurahisha ni wale wanaouacha chini ya bodi, pale mnunuzi haangalii. Ukiligeuza matatu la Buruburu, namba 58, ukakuta CN tumboni mwake, umesoma sentensi nzima kuhusu jiji hili: vigae vilivyotoka China, meli, bandari ya Mombasa, lori, godauni, na mwishoni mtoto sakafuni. Hakuna aliyeandika sentensi hiyo. Fundi amekataa tu kuifuta.

Ni vivyo hivyo na tundu la msumari. Njia rahisi ni kuliziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, upige msasa, upake vanishi, na ubao utajifanya umezaliwa jana. Nimeona lori moja ambalo fundi alifanya kinyume. Alikata ubao wake kwa hesabu, matundu mawili yenye doa la kutu yakaangukia mbele, yakawa taa. Huo ndio ubunifu ninaoutafuta. Historia ya mbao imepewa kazi. Haikufichwa, wala haikuwekwa kama pambo la kutuhurumisha.

Halafu kuna magurudumu, na hapa ndipo magari mengi mazuri huanguka mtihani. Gurudumu lililokatwa kwenye tawi bichi kama kipande cha muhogo hupasuka kutoka katikati likikauka. Lililopigiliwa msumari ubavuni hukwama. Ekseli ya kijiti iliyogundishwa kwenye magurudumu lakini iliyo huru ndani ya tundu pana la bodi huzunguka miaka. Jambo dogo, lakini kwangu ni kama uwezo wa mwandishi kujenga sentensi. Gari lisilotembea ni sanamu, na tuliambie hivyo.

Mfaransa Roland Barthes aliandika insha fupi kuhusu vitu vya kuchezea katika kitabu chake Mythologies cha 1957. Hoja yake ni kwamba vitu hivyo ni dunia ya wakubwa iliyopunguzwa, jeshi na posta na hospitali, kwa hivyo mtoto anafunzwa kuwa mtumiaji badala ya muumbaji. Baadaye anaisifu mbao: ina joto, na inachakaa taratibu pamoja na mtoto bila kumtenga na mti.

Nakubaliana naye nusu. Mbao yake ni ya msituni. Yetu imepitia bandarini, na mtoto wa Umoja akiishika anashika biashara ya dunia kabla ya kushika mti. Kuhusu dunia ya wakubwa, Barthes hakuwahi kuona mtoto wa Nairobi akiendesha matatu la mbao. Huyo haigi tu. Anaongeza makanga, anaongeza abiria mwenye kelele, anaongeza kanjo, kisha anaongeza hongo. Hicho si kipindi cha mafunzo ya utumiaji. Ni uhakiki, na mkali kuliko wangu.

Tena mpaka kati ya mchezo na kazi, kwetu, haujawahi kuwa mnene. Mkokoteni wa mbao wenye magurudumu ya beringi unabeba watoto asubuhi na mitungi ya maji jioni. Kule Goma, chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mgeni atadhani ni cha kuchezea, hubeba makaa na viazi vya kulisha mji, na tangu 2009 kina sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini.

Ndiyo maana basi la zawadi za watalii linanichosha. Unalijua: juu kuna magodoro, mikungu ya ndizi, kuku, na dereva wa mbao amegundishwa kwenye kiti akitabasamu. Hapo mtoto hana kazi. Mzigo umeshapakiwa, dereva ameshaajiriwa, safari imeshaamuliwa na mtu ambaye hajui stage iko wapi. Kiti kitupu kingetosha.

Turudi kwa lile neno. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba kandokando ya mito, Mathare na Mukuru. Mbao zilizokuwa fremu za milango zikawa, kwa asubuhi moja, mbao kuukuu. Kwa aliyekuwa ndani, ubao ule haukuwa umepotea ili mtu auokoe. Ulikuwa nyumba. Sisemi fundi asiuguse. Akiununua kwa bei halali, afanye kazi yake. Ninachokataa ni vanishi ya lugha, ile inayofuta watu kama msasa unavyofuta muhuri, halafu inaongeza bei kwa sababu ya hadithi ambayo mwenye hadithi hajaulizwa. Andika "mbao ya mlango". Andika "mbao ya paleti". Msomaji ana akili, ataelewa.

Kwa hivyo ukipatana na gari la mbao, usianze na rangi. Ligeuze juu chini. Tafuta muhuri, tafuta tundu. Uliza mbao ilikuwa nini kabla, na usikilize kama muuzaji anajua au anakurembea tu. Mwisho liweke sakafuni ulisukume, na usione haya hata kama watu wanakuangalia. Likikwama, lirudishe kwenye rafu.