Faili Isinisogezee Makochi

Rafiki yangu alinitumia mswada wa hadithi yake niupitie. Nikaufungua kwenye Vim, programu ninayoandikia kila kitu, hata orodha ya sokoni. Kila nikiongeza sentensi, ikikaribia herufi ya 60 mstari unakatika wenyewe. Nilipekua mipangilio yangu karibu saa nzima nikidhani nimeharibu kitu. Kumbe wapi! Mstari wa mwisho wa mswada wenyewe ulisema: vim: set tw=60:

Vim ndivyo ilivyoundwa. Ukifungua faili, inachungulia mistari 5 ya mwanzo na 5 ya mwisho; ikikuta maagizo ya aina hiyo, inatii. Emacs nayo ina desturi kama hiyo.

Sipingi faili kujieleza. Makefile, kwa mfano, hutaka mistari yake ya amri ianze na Tab halisi. Mimi ambaye programu yangu hugeuza kila Tab kuwa nafasi tupu, nitaiharibu bila kujua. Faili ikisema "niachie Tab zangu," inasema ukweli kuhusu mwili wake. Lakini upana wa mistari ya hadithi? Kunikunjia aya nisizione mpaka nizikunjue? Hayo ni ya macho yangu, bana. Mgeni ana haki ya kuniambia hatumii sukari. Kusogeza makochi, zii.

Na si suala la adabu tu. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba katika Vim za kabla ya toleo 8.1.1365, mstari kama ule ungeweza kutungwa kwa ujanja hivi kwamba ukifungua faili tu, amri za mtu mwingine zinaendeshwa kwenye kompyuta yako. Hujabonyeza chochote. Umesoma tu! Pengo lilizibwa, lakini sisi tunaoishi kwa kusoma kazi za watu tusilisahau haraka. Emacs hukuuliza kwanza ikikuta agizo inalolishuku, na hiyo ni afadhali, ingawa tunajuana: tukiulizwa maswali ya kompyuta, tunabonyeza ndiyo tuendelee na maisha.

Cha ajabu, Vim yenyewe ilijua kuongea na msomaji vizuri. Kwa miaka mingi, ukiifungua bila faili, imekuwa ikikuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Ombi hilo ni la muundaji wake, Bram Moolenaar, aliyefariki 2023. Linakaa katikati ya skrini. Ukianza kuandika, linaondoka, na hakuna ulichopanga kilichoguswa.

Mimi nimeshaweka set nomodeline. Mswada wa rafiki nimeurudisha na maoni kurasa mbili, na ule mstari wa mwisho nimeufuta. Hajauliza.