Kiti Kisicho na Mikono

Kuna kipimo rahisi wanachokitumia wataalamu wa mwendo wa wazee. Mtu anakaa kwenye kiti, anakunja mikono kifuani, kisha anainuka. Asipoweza, mapaja yake yameshapungukiwa nguvu, na siku mguu ukiteleza hatakuwa na cha kujizuia nacho.

Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya katika nyumba ya wazee mjini Boston, Marekani. Waliwachukua wakazi 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa kazi ya kuinua vyuma kwa miguu. Kwanza walipima uzito mkubwa ambao kila mmoja angeweza kuuinua mara moja tu. Wiki ya kwanza walimpa nusu ya uzito huo, kisha wakapanda hadi asilimia 80. Kila zamu alinyanyua mara 8, akapumzika, akarudia hadi zamu tatu, siku tatu kwa wiki.

Baada ya wiki 8, nguvu za miguu zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliweka bakora zao kando. Halafu mazoezi yakasimamishwa, na wiki 4 zilitosha kupoteza asilimia 32 ya nguvu.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayozigusa familia nyingi. Mzee akianguka mara moja, nyumba nzima huingiwa na hofu: "Kaa tu mzee, tutakuletea." Maji analetewa, chakula analetewa, hata kigoda kinasogezwa jua linapohama. Wanaofanya hivyo wanampenda kweli, lakini msuli usio na kazi hunywea, na mwili uliozoea kukaa husahau namna ya kujisawazisha. Safari moja isiyokwepeka, ile ya chooni usiku, humkuta akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa siku ya kwanza alipoanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Boston ilithibitisha kwamba nguvu hurudi. Je, kuanguka nako kunapungua? Jibu lilitoka Australia mwaka 2018, katika mpango ulioitwa Sunbeam. Wakazi 221 wa nyumba 16 za wazee, wastani wa umri ukiwa miaka 86, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara kwa wiki 25, jumla ya saa 50, kisha likaendelea kwa kiwango chepesi. Matukio ya kuanguka yalikuwa pungufu kwa asilimia 55 kuliko katika kundi la pili.

Mazoezi peke yake hayamalizi kazi, kwa sababu kila mzee ana sababu zake za kuanguka. Uingereza walilishughulikia hilo katika nyumba 84 za wazee, matokeo yakatoka mwaka 2021. Wahudumu wa baadhi ya nyumba hizo walifundishwa kwa saa moja tu kutumia orodha ya kumkagua kila mkazi: dawa anazokunywa, macho, viatu, taa, historia ya kuanguka. Kila kasoro iliandikiwa hatua ya kuchukua. Katika miezi mitatu iliyopimwa, kuanguka kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko katika nyumba nyingine.

Lakini Rugenge, mtaa wa mji wa Uvira nchini Kongo, mzee wa kawaida hulelewa nyumbani na wanawe na wajukuu. Kwa hiyo mfano ulio karibu zaidi ni wa Dunedin, New Zealand, ambako wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi walishiriki utafiti wa mazoezi ya nyumbani uliotangazwa mwaka 1997. Mtaalamu alikwenda kwa waliopangiwa mazoezi mara 4 katika miezi miwili ya mwanzo. Walifungwa vizito vidogo vifundoni, wakanyoosha goti, wakasimama kwa vidole, wakatembea kisigino mbele ya kidole. Nusu saa, mara tatu kwa wiki. Baadaye kazi hiyo ilijaribiwa kwa kutumia muuguzi aliyefunzwa, nayo ikafanikiwa.

Vifaa vyake havimshindi mtu wa Uvira: mfuko wa kitambaa wenye mchanga wa ziwani, ukuta wa kushika, kiti kigumu. Orodha ya Uingereza nayo inageuzwa iendane na mji uliobanwa kati ya milima na Tanganyika: kandambili zilizolika soli, kitenge kinachoburuta, tochi isiyo na betri, njia ya chooni iliyobaki na mawe na matope tangu mvua ilipopita. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au dawa za presha aonwe kwanza kituo cha afya.

Kinachobaki ni ufuatiliaji, kwani hapo ndipo Boston ilipopoteza ile asilimia 32. Mjukuu anaweza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku ya mazoezi, na reko (mhudumu wa afya ya jamii) wa mtaa akapima tena kila mwezi kwa saa ya simu: katika sekunde 30, mzee ameinuka kitini mara ngapi bila kushika? Kwa kipimo cha Marekani, mwanamke wa miaka 80 hadi 84 asiyefikisha mara 9, au mwanaume wa umri huo asiyefikisha 10, yumo katika hatari ya kuanguka.